Sonko, Uwanja na Jina la Wenyewe: Je, Chuo Kinafaa Kubadilisha Maskoti Yake?

Cheki hii picha kwanza. Ijumaa jioni, chuo fulani Marekani, uwanja umejaa hadi juu. Kijana mzungu amejipaka rangi nyekundu usoni, amejifunga shuka aliyoagiza mtandaoni, ameshika mkuki wa plastiki na anaruka juu chini. Mashabiki elfu kumi wanapiga nduru. Timu inaitwa Wamaasai Wapiganaji. Kwa huo umati wote hakuna hata mmoja amewahi kukanyaga Kajiado, na ukiwauliza wanakwambia, "Tulia bana, sisi tunawaheshimu sana."

Hiyo chuo haiko, nimeitunga. Lakini unajua vile Wakenya wangewachapa mtandaoni kabla saa sita usiku. Hashtag ingekuwa imeshika namba moja, meme zimejaa, wakili mmoja analeta vifungu vya Katiba, na kuna anko mahali anasema ati tuwache kulia, hiyo ni matangazo ya bure ya utalii.

Sasa toa Maasai, weka Sioux. Hapo story inakuwa ya ukweli, na iliburuta chuo kimoja kwa miaka na miaka: kortini, bungeni, kwa kura ya jimbo zima. Ukiifuata vizuri utaona swali la maskoti si jambo la wazungu walioshiba peke yao. Ni swali la nani ana haki ya kutumia jina la nani.

Na hii mada haijaisha. Julai 2020 timu ya NFL ya Washington iliacha jina lake la zamani, neno ambalo lilikuwa tusi la rangi ya ngozi kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Wadhamini wakubwa kama FedEx na Nike walikuwa wameanza kuikazia. Julai 2025 Donald Trump akaingia mtandaoni akataka hilo jina lirudi, na akatishia kuwawekea ngumu kwa mpango wao wa uwanja mpya. Shika hiyo ya uwanja, tutakutana nayo tena hapa chini.

Maskoti ni nini kwani?

Ni ile alama ya timu, mnyama ama mtu ama kitu, yenye hukaa kwa jezi na wakati mwingine kuna msee amevaa kama yeye akirukaruka kando ya uwanja. Kwetu raga ya chuo inazo. Strathmore ni Leos, simba. Egerton ni Wasps, nyigu. Hakuna shida hapo. Simba hatakushtaki, na nyigu akikasirika atakuuma tu mambo yaishe.

Ngori inaanza alama ikiwa ni watu. Tena watu wako hai, wana watoto, na hao watoto wako kwa hiyo hiyo chuo wamekaa darasani na wewe.

Kutoka kindi hadi Sioux

Chuo chenyewe ni University of North Dakota, iko mji wa Grand Forks, kaskazini kabisa karibu na Canada. Mahali baridi, mchezo mkubwa ni hoki ya barafu. Zamani timu zao ziliitwa Flickertails, hiyo ni aina ya kindi wanaochimba mashimo chini. 1930 wakaamua kindi hatishi mtu, wakachukua jina Sioux. Moja ya sababu ilikuwa hivi: wapinzani wao wa jimbo, chuo cha Fargo, wanaitwa Bison, yaani nyati wa Marekani, na Sioux walijulikana kwa kuwinda hao nyati. Baadaye likakuwa Fighting Sioux, Sioux wapiganaji.

Hakuna mahali watu wenyewe walikalishwa chini wakaulizwa.

Halafu kuna hii ingine. Sioux si jina ambalo hao watu walijipa. Lilipitia kwa Wafaransa, waliolitoa kwa jirani zao Ojibwe. Wenyewe hujiita Dakota, Lakota ama Nakota. Jimbo zima linaitwa Dakota, na bado chuo cha jimbo kiliwaita na jina la jirani.

Kama unaona hiyo ni kitu kidogo, fikiria Ogiek wa Mau. Miaka mingi walikuwa wanaitwa Wandorobo, neno lililotoka kwa Kimaasai likimaanisha watu maskini wasio na ng'ombe. Wewe ni mwindaji na mrina asali wa msituni, una lugha yako na majina yako, halafu serikali inakuandika kwa vitabu na jina la mtu akikudharau kwa sababu huna ng'ombe. Sasa ongeza jezi juu yake.

Na tusijifanye watakatifu. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tulifunzwa tuwaite hao watu Wahindi Wekundu. Si Wahindi, na si wekundu. Columbus alipotea njia 1492, na sisi bado tunabeba kosa lake kwa insha.

Sonko anaingia

Miaka ya 1970 hadi 1990 vyuo vingine vilianza kuchanuka. Stanford waliacha jina Indians 1972 baada ya wanafunzi wenye asili hiyo kulilalamikia. Leo ni Cardinal, rangi tu ya jezi, na sijasikia mtu akisema Stanford imekuwa chuo kidogo. Dartmouth, St. John's, Marquette, wote wakabadilisha yao.

North Dakota nao wakaanza kubonga kuhusu jina. Hapo ndio sonko akatokea.

Ralph Engelstad alikuwa golikipa wa hoki wa hiyo chuo akiwa kijana. Akaenda Las Vegas, akatengeneza doh mbaya na kasino yake ya Imperial Palace. 1998 akaahidi chuo dola milioni 100, nyingi ikienda kwa uwanja mpya wa hoki. Desemba 2000, rais wa chuo akiwa bado anafikiria atafanya nini na jina, Engelstad akamtumia barua: mkigusa jina, nasimamisha mjengo, nazima moto na nawaachia hiyo nyumba iganda kwa baridi.

Kesho yake bodi ya elimu ya juu ya jimbo ikapiga kura. Nane kwa sifuri. Jina linabaki.

Uwanja ulifunguliwa 2001, viti vya ngozi, sakafu ya mawe ya granaiti. Na mzito alihakikisha nembo ya Sioux imechorwa na kuchongwa kila mahali, maelfu yake, kwa sakafu, kwa viti, kwa kuta, ili yeyote atakayetaka kuitoa baadaye ajue itamgharimu. Huyo ni mtu alikuwa anajua vile pesa hufanya kazi hata ukishakufa. Alifariki 2002.

Ukitaka kujua alikuwa mtu wa aina gani wa kuamulia wengine heshima ni nini: miaka ya 1980 aliwahi kufanya sherehe zenye mada ya Hitler hapo kwa kasino yake. Wasimamizi wa kamari wa Nevada walimpiga faini ya dola milioni moja na nusu. Aliomba msamaha, ndio. Lakini miaka michache baadaye ndiye alikuwa anaambia Wadakota kwamba jina lao kwa sakafu yake ni heshima kwao.

Hapo sasa kila mtu akapiga kura

Agosti 2005 NCAA, ile bodi inasimamia michezo ya vyuo Marekani, ikatoa amri. Chuo chenye maskoti ya wenyeji wa asili ambayo ni ya kuudhi hakitaonyesha hiyo alama kwa fainali zake, na hakitakuwa mwenyeji wa hizo mechi. North Dakota walikuwa kwa list. Wakaenda kortini 2006. 2007 wakakubaliana: chuo kipewe miaka mitatu ya kutafuta baraka za makabila mawili ya Sioux ya jimbo hilo, Spirit Lake na Standing Rock. Yote mawili. Moja likikataa, jina linaenda.

Sasa skiza hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wenye maoni yangu huwa wanaruka.

Aprili 2009 Spirit Lake walipiga kura. Asilimia 67 wakasema jina libaki. Hao ni Wadakota wenyewe, hawakulazimishwa na sonko yeyote. Wengine wao hata walienda kortini kulitetea. Walikuwa wanaona ukitoa hilo jina, kijana wa Grand Forks hatawahi kusikia kuwahusu tena maishani mwake.

Standing Rock, baraza lao lilikataa na halikuitisha kura. Kuna watu wao walitaka kura ifanyike, haikufanyika. Kwa hivyo ukisema "wenyeji walikataa" unadanganya, na ukisema "wenyeji walikubali" pia unadanganya. Walikuwa wamegawanyika, kama vile familia yoyote hugawanyika mjomba mmoja akitaka kuuza shamba.

Ilipofika 2011, bunge la jimbo likaingilia. Likapitisha sheria kwamba chuo LAZIMA kiitwe Fighting Sioux. Miezi michache baadaye, adhabu za NCAA zikianza kuuma, bunge hilo hilo likaifuta. Watetezi wa jina wakakusanya sahihi, jambo likapelekwa kwa wananchi. Juni 12, 2012, jimbo zima likapiga kura na kama asilimia 67 wakasema jina liende.

Umeona hiyo namba? 67 kule, 67 huku. Spirit Lake walisema libaki, jimbo likasema liende. Na usidhani jimbo lilipata wokovu usiku. Chama cha wahitimu wa chuo kilifanya kampeni kikisema wazi: hizi adhabu zitaua michezo yetu. Watu walipigia kura timu yao ya hoki. Sioux walikuwa kwa jina la swali tu.

Mbona Florida waliachwa?

Hapa ndipo wanaotetea maskoti huwa wanakuja na kadi yao kubwa. Florida State University mpaka leo inaitwa Seminoles. Kabla ya mechi ya nyumbani msee amevaa kama Osceola anaingia na farasi na kudunga mkuki unaowaka moto katikati ya uwanja. Na NCAA iliwaondoa kwa list mwaka huo huo wa 2005.

Sababu ni moja. Baraza la Seminole Tribe of Florida lilikaa, likaandika azimio, likasema sisi tunakubali. Nguo za huyo Osceola zinaundwa kwa mwongozo wa Waseminole wenyewe.

Lakini cheki Waseminole wa Florida ni akina nani kwa meza. Hawa ni watu wenye kasino zao. 2007 walikamilisha kununua Hard Rock, hoteli, mikahawa, jina zima, kwa karibu dola bilioni moja. Chuo kikiwakosea adabu kesho, wanaweza kutoa baraka zao na chuo kirudi kwa shida na NCAA. Yaani ndiyo yao ina meno, kwa sababu wanaweza kusema hapana na isikike.

Linganisha na Standing Rock. Hawakuwa na dola milioni 100 ya kuandikia barua ya vitisho. Hapana yao ilikaa miaka mingi kabla mtu aiheshimu, na iliheshimiwa tu wakati NCAA iliiweka kwa mkataba.

"Lakini ni heshima!"

Hii ndio hoja huwa inarudi kila saa, na inabidi tuijibu na ukweli badala ya kelele.

Kwanza, 2005 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilitoa azimio kikitaka hizi maskoti ziachwe, hasa kwa sababu ya watoto. Baadaye mtafiti Stephanie Fryberg na wenzake walichapisha utafiti 2008. Walionyesha vijana wa asili hiyo picha za hizi alama, halafu wakapima wanavyojiona. Waliozionyeshwa walijithamini chini kuliko wenzao, na walikuwa na picha ndogo ya kile wanaweza kuja kuwa. Kilichonishtua ni hiki: hata wakati fikra zao za kwanza kuhusu hizo picha zilikuwa nzuri, bado ziliwashusha. Mtoto anaweza kupenda kofia na bado hiyo kofia ikamwambia kwamba dunia inamjua kama mtu wa zamani mwenye manyoya kichwani, haimjui kama daktari ama fundi wa kompyuta.

Pili, heshima hupimwa mechi ikiisha. 2016, jimbo hilo hilo la North Dakota, Standing Rock walikuwa wanapinga bomba la mafuta lipite karibu na maji yao. Novemba usiku, baridi ya kugandisha, polisi wakawamwagia maji kwa nguvu waandamanaji. Kama ulikuwa tao Juni 2024, hiyo gari ya maji unaijua. Sasa jiulize wale elfu kumi waliokuwa wakiimba jina la Sioux kila wikendi walienda wapi hiyo usiku.

Kwetu pia iko hivyo. Shuka ya Maasai iko kwa kila tangazo la ndege na kila brosha ya hoteli. Ogiek walishinda kesi dhidi ya serikali yetu katika Mahakama ya Afrika kule Arusha Mei 2017, na Juni 2022 korti ikaamuru walipwe. Novemba 2023 bado familia zao zilikuwa zinafurushwa Mau. Kuweka watu kwa nembo ni rahisi. Kuwaachia msitu wao ndio kazi.

Sasa mimi nasema nini?

Mimi chuo sikumaliza. Lakini hudi yake bado niko nayo, imepauka, na siwezi kuitupa. Kwa hivyo sitawacheka mashabiki wa Grand Forks wanaolilia jina. Jina la timu ndilo babako alikuita nalo akikupeleka mechi ya kwanza. Hayo machungu ni ya ukweli. Mpaka leo wengi wao wakifika mwisho wa wimbo wa taifa kabla ya mechi, wanachomeka jina la zamani kwa sauti.

Lakini machungu ya kupoteza jezi na machungu ya kuwa jezi si kilo moja. Ndiyo maana nikiulizwa kama chuo kibadilishe maskoti, nauliza mambo matatu tu.

La kwanza: hiyo alama ni watu walio hai? Kama ni nyigu, songa mbele, msitusumbue.

La pili: hao watu waliulizwa, wote, kabla ya jezi kuchapishwa?

La tatu, na hili ndilo zito: wakisema hapana, itakuwa hapana kweli, ama kuna sonko ataandika barua?

Florida wanaweza kusimama mbele ya haya maswali, angalau kwa kabila lililokuwa kwa meza. North Dakota hawangeweza. Hata ile ndiyo ya Spirit Lake, naiheshimu, lakini ilikuja karibu miaka 80 baada ya jina kuchukuliwa. Na huwezi kutumia ndiyo ya ndugu mmoja kufuta hapana ya mwingine, sembuse jina likiwa la wote wawili. Kwa hivyo ndio, chuo kilifaa kubadilisha. Kilifaa kufanya hivyo mapema, kwa hiari yake, badala ya kungoja mpaka adhabu za michezo zifanye kazi ambayo dhamiri ilikataa kufanya.

Na wale wa "tukitoa jina timu itakufa", wacha niwapee matokeo. Chuo kilikaa bila jina la timu kuanzia 2012, wakiitwa North Dakota tu. Novemba 2015 watu wao wakachagua Fighting Hawks, mwewe wapiganaji. Msimu wao wa kwanza na hilo jina, Aprili 2016, timu ya hoki ilicheza fainali ya taifa dhidi ya Quinnipiac.

Walishinda tano kwa moja. Barafu ilikuwa ile ile, na kocha hakulalamika kwamba mwewe hafungi mabao.

Siku chuo cha kwetu kitaamua kuweka watu kwa jezi, Pokot, Turkana, Ogiek, yeyote, na wakuambie ni heshima, waulize hayo maswali matatu. Anza na la tatu.